Andika Baba Hayupo

Waingereza wana jambo moja ambalo watunzi wao wa tamthilia hawalichoki: usaili wa kuingia chuo kikuu. Kijana anayetaka Oxford au Cambridge anatuma maombi kufikia katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo, na akipenya mchujo wa kwanza anaitwa Desemba aulizwe maswali na wahadhiri ambao huenda ndio watakaomfundisha. Zamani alisafiri hadi huko, akalala chuoni siku mbili tatu. Tangu korona ya 2020 usaili mwingi umehamia kwenye kompyuta. Kijana yuko chumbani kwake amevaa shati la kola, na nyumba nzima imepigwa marufuku kuwasha mashine ya kufulia.

Maswali yenyewe hayakaririki. Wa biolojia anaweza kuonyeshwa fuvu aulizwe anadhani mnyama huyo alikuwa anakula nini. Wa fasihi anapewa shairi ambalo hajawahi kulitia machoni. Wanataka kumwona mtu anavyohangaika na swali, jibu lenyewe ni la baadaye. Ni jambo zuri, sina ubaya nalo. Ila runinga haina habari sana na yanayosemwa mle ndani. Kamera inabaki nje, kwa wazazi. Baba ambaye hajafungua kitabu tangu aoe anaanza kutaja wanafalsafa mezani. Mama anabadilisha lafudhi kila simu ikilia. Bibi anaombwa kwa heshima zote asiseme aliwahi kufanya kazi gani. Mtoto mmoja ndiye anayeitwa, lakini ukoo mzima unajiona uko kwenye kiti.

Wakorea wakalipeleka mbali zaidi. SKY Castle ilianza kuonyeshwa na kituo cha JTBC Novemba 2018 ikaisha Februari 2019, vipindi 20. Kipindi cha kwanza hakikufikisha asilimia 2 ya watazamaji. Cha mwisho kilivuka asilimia 23, na wakati huo hakuna tamthilia ya televisheni ya kebo huko Korea iliyokuwa imefika hapo. SKY ni herufi za mwanzo za vyuo vitatu vikubwa vya Seoul: Seoul National, Korea na Yonsei. Humo utawakuta akina mama wanaoishi kwenye majumba ya kifahari, waume zao madaktari na maprofesa, wakigombania mtaalamu wa kumwingiza mtoto chuoni, mwanamke wa suti nyeusi asiyecheka, ambaye malipo yake yangejenga zahanati. Mimi niliipata kwa njia ya kawaida ya mambo ya Kikorea kufika Mtwara: kwa kijana wa kuingiza muvi, kwenye flashi, pamoja na sizoni mbili ambazo sikuziomba.

Mama mkuu wa tamthilia ile ana siri. Jina analotumia si lake la kuzaliwa, na kwao walikuwa watu wa hali ya chini kabisa. Amejijenga upya kuanzia kichwani hadi kwenye viatu ili mwanawe asomee udaktari akiwa na mama anayefanana na wale wengine. Nilipofika hapo nikasimamisha picha, nikacheka peke yangu. Si kwamba palikuwa na cha kuchekesha sana. Nilicheka kwa sababu nina steshenari hapa Chikongola, na kila mwaka kuanzia Julai mpaka Septemba naiona tamthilia hiihii ikichezwa kinyumenyume mbele ya meza yangu. Wao wanaficha umaskini wao wapate chuo. Sisi tunaficha kidogo tulicho nacho tupate mkopo.

Nieleze kwa wasiojua. Tanzania, kwa kozi nyingi za shahada ya kwanza, hakuna anayekuita akuulize lolote. Kuna namba yako ya mtihani na kuna alama. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa kawaida unahitaji ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yako yenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, kisha kila kozi inaongeza masharti yake. Kuanzia 2010 maombi yalikuwa yanapitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na TCU inabaki kusimamia na kupanga awamu. Ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unakonfemu kimoja. Basi. Hakuna profesa atakayekuonyesha fuvu.

Usaili tunaujua, usinielewe vibaya, ila kwetu unakuja ukishamaliza chuo. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mtu ana shahada mkononi, anaandikia kwenye paja, kwenye viti ambavyo siku nyingine hukaliwa na mashabiki wa Simba na Yanga. Hiyo nayo ni tamthilia, ila si ya kuchekesha na si yangu leo.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo Mwingereza hawezi kulitunga hata akikesha. Mwenye kuomba chuo mara nyingi hayupo! Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, yaliyorudishwa mwaka 2013, yanawakuta vijana wametoka tu kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo Julai matokeo yanatoka huku mwenyewe yuko Nachingwea au Bulombora, kichwa kimenyolewa, anakimbia mchakamchaka saa kumi alfajiri. Nyumbani wanabaki mama, shangazi na jirani anayejua mambo, na karatasi ya daftari yenye neno la siri la barua pepe. Nimeshuhudia kozi ya miaka minne ikichaguliwa na watu watatu ambao hakuna hata mmoja atakayeisoma.

"Hii ya Sayansi ya Wanyamapori ina nini?"

"Si atapelekwa porini huyo? Toka hapo. Weka uhasibu."

"Alisema hataki hesabu."

"Alisema lini? Akiwa mdogo?"

Mwenyewe anatoka jeshini Septemba anakuta ameshakuwa mhasibu.

Lakini yote hayo ni utangulizi. Tamthilia inaanza fomu ya mkopo inapofunguliwa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kuanzia 2005 ndiyo inayogawa mikopo. Hela haitoshi wote, kwa hiyo lazima wapatikane wahitaji zaidi, na mhitaji anajulikana kwa karatasi. Umefiwa na mzazi? Cheti cha kifo, na kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Ulemavu? Uthibitisho. Kaya yenu ipo kwenye TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini? Namba ya kaya. Kuna aliyekulipia ada sekondari? Barua yake. Mdhamini ni nani, picha yake iko wapi, kitambulisho chake kiko wapi. Kisha serikali ya mtaa igonge muhuri, na wakili au hakimu naye agonge wake, ndipo tuskani turudishe kwenye mfumo. Oxford wanataka kujua unafikirije. Huku wanataka kujua wewe ni nani, wa nani, na mnakula nini. Huo ndio usaili wetu, na anayesailiwa ni ukoo.

Hapo watu wanaanza kujishusha. Kuna mzee mmoja wa upande wa Shangani, mtumishi, mtu wa heshima zake, alikuja na mwanawe akiwa amevaa kandambili moja ya bluu na moja ya kijani. Noah yake aliiegesha kule nyuma ya msikiti. Akaniamkia yeye kwanza, mimi mdogo kwake kwa miaka ishirini, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Shikamoo baba, karibu, lakini mimi ni steshenari tu, Bodi wako Dar." Akatazama kushoto na kulia. "Najua, mwanangu. Lakini huwezi kujua nani anapita." Mtoto wake wa kiume, amesoma shule za kulipia tangu chekechea, alikuwa anatamani ardhi ipasuke. Fomu inauliza shule ulizosoma. Kandambili hazina pa kuandikwa.

Wengine nyumba ya vyumba sita wanaiita "pa kujihifadhi". Boda mbili zinakuwa "za mdogo wangu". Ekari za korosho zinapungua kila ukurasa. Ukifika kwenye saini shamba limebaki mikorosho ya kivuli. Nisiwe mnafiki, siwalaumu sana. Ukishajua kwamba kwenye foleni hii anayetangulia ni aliyechoka zaidi, utachoka tu.

Mambo yakichanganya ni kwa wale ambao ni maskini kwelikweli lakini umaskini wao hauna karatasi. Nikisema nitunge tamthilia, kipindi cha kwanza ninacho tayari. Nimebadilisha mawili matatu ili wahusika wasijulikane, mengine ni kama nilivyoyasikia.

Mama alitoka upande wa Naliendele, na binti yake, na kaka yake. Kwa wasio wa huku: Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, kwa asili hesabu ya ukoo inapita kwa mama, na mjomba si mtu wa kuja kula sikukuu akaondoka. Mjomba ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo mjomba alikaa kwenye kiti kile kizuri, mama kwenye benchi, binti akasimama. Binti amefaulu vizuri, PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, anataka uuguzi Dodoma. Mimi nikaanza kuuliza, wao wakawa wanajibu. Tukafika.

"Jina la baba?"

Mama akalitaja lote matatu kwa mkupuo, kama mtu anayetema kitu.

"Yuko hai au amefariki?"

"Andika baba hayupo."

"Mama, hapa panataka moja. Yuko hai, au amefariki."

"Hayupo."

"Lakini yuko hai?"

Mama akamwangalia kaka yake. Mjomba akaangalia barabarani, pikipiki zinavyopita. "Kwa kweli," akasema, "mara ya mwisho tumesikia yuko Kilwa. Anavua."

"Basi yuko hai."

"Yuko hai kwa nani?" mama akauliza.

Nilikaa na swali lile, na mshale wa kompyuta unapepesa. Mfumo una mahali pa walio hai na mahali pa marehemu. Aliyetoka asubuhi ya mwezi wa Ramadhani miaka hiyo kwenda kununua nyavu, mfumo haujamtengea chumba. Mama akaona nimekwama akanionea huruma. "Andika amefariki, mwanangu, tusisumbuane."

"Cheti cha kifo kipo?"

"Hicho hamtoi hapa?"

"Tunatoa kopi tu, mama. Na chenyewe kina namba, inahakikiwa."

Mjomba akasema kumzulia mtu kifo ni mbaya, inaweza kurudi kwenye ukoo. Mama akasema ukoo gani, wake au wetu? Ndipo binti, aliyekuwa kimya wakati wote akikunjua na kukunja bahasha, akasema taratibu, "Baba alinipigia Idi."

"Idi ipi?"

"Zote."

Steshenari nzima ilinyamaza, na mlikuwa na mteja wa kopi ambaye kopi zake zilikuwa zimeshaisha zamani. Mama akanyoosha mkono apewe simu. Akatafuta jina la mume wake asilione. Binti akamwonyesha: alikuwa amemhifadhi kama "Mwl Jografia".

Wakampigia, sauti ya wazi, maana mjomba alitaka shahidi. Baba akapokea kwa furaha akidhani ni binti. Akasikia sauti ya mama, akasema haloo mara nyingi sana, mtandao wa Kilwa ukawa mbaya ghafla. Mjomba akaingilia. Shemeji, kuna suala la mtoto. Mtandao ukapona. Nikamweleza: tunahitaji taarifa zake na picha ya kitambulisho. Akasema kadi ya kura anayo, anapiga picha sasa hivi. Kisha akauliza, "Mdhamini ni nani?"

Kabla ya hapo mjomba alikuwa ameniuliza mara kadhaa kama mdhamini anaweza kufungwa binti akishindwa kulipa. Alikuwa amependekeza mwalimu mkuu, imamu, na mimi. Sasa akakaa sawa kwenye kiti. "Mdhamini ni mimi."

"Haiwezekani," ikasema simu. "Mimi nipo."

"Upo wapi?"

"Nipo! Mimi ndiye baba!"

Wakabishana hapo, watu wawili ambao asubuhi ile hakuna aliyetaka kuweka picha yake kwenye karatasi, kila mmoja sasa anadai haki ya kudaiwa. Mama alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama fomu ina sehemu ya kuandika kwamba mwenye kumlisha mtoto miaka yote alikuwa yeye, kwa kuuza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na barafu za ubuyu. Nikamwambia kuna mahali pa kazi ya mama. Akasema, "Andika mkulima. Ming'oko wataijulia wapi."

Nikaandika mkulima.

Mwingereza angeishia hapo akapiga muziki. Huku bado kuna mwenyekiti wa mtaa, na huyu ndiye msaili wa kweli, kwa sababu anakujua. Mbele yangu mtu anaweza kuvaa kandambili za rangi mbili. Mwenyekiti alikula pilau kwenye harusi ya mwanao Desemba, anajua ng'ombe wangapi walianguka. Wapo wanaogonga muhuri bila neno, Mungu awape. Wapo wanaokumbuka kwanza mchango wa madawati. Mmoja, sitamtaja, alimsomea mwombaji orodha ya michango yote ya mtaa ambayo baba yake hajalipa, kisha akatia saini kuthibitisha kwamba familia haina uwezo, akasema hiyo orodha ndiyo ushahidi.

Halafu kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Somoe, cha kidato cha nne kinasema Somoye, kwa sababu mwalimu aliyekuwa anasajili darasa la kwanza alisikia hivyo akaandika hivyo. Sasa Somoe lazima aape mbele ya wakili kwamba yeye na Somoye ni mtu mmoja. Hilo lina bei yake. Napita haraka hapo maana likinishika sitamaliza.

Fedha ya kusafiria nayo ina kichekesho chake, cha kusini peke yake. Vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Korosho zinaanza kudondoka karibu na muda huohuo, na tangu 2007 tunauza kwa stakabadhi ghalani: unapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinaenda ghala kuu, zinasubiri mnada, kisha unasubiri benki. Mfumo una sababu zake, wanaokumbuka bei za wachuuzi wa zamani watakwambia. Ila kalenda ya chuo haisubiri mnada. Mtoto ameitwa Dodoma, na korosho za baba yake zipo, zimelala ghalani, ni hela kabisa ila haishikiki. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapopita nyumba kwa nyumba jioni, kazi iliyopigwa marufuku na kila mtu anajua anapopita. Anakupa hela leo kwa bei ya kutupa. Ukitazama mabasi yanayoondoka stendi ya Mkanaledi alfajiri za Novemba, yamejaa mabegi mapya na magodoro yaliyofungwa kamba, jua kwamba viti kadhaa vimelipiwa kwa korosho iliyouzwa gizani.

Wazee wanasema sisi tunadeka. Zamani kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na masika yakikaza safari ya Dar ilikuwa ya siku na siku. Daraja lilipewa jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyepita Ndanda na hatimaye akamaliza Makerere mwaka 1962. Kila nikimsikia mtu akisema watu wa kusini hawana habari na shule namkumbuka huyo, na nakumbuka kwamba enzi zake Tanganyika nzima chuo kikuu chake cha kwanza kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa, Oktoba 1961, kitivo kimoja cha sheria chenye wanafunzi wasiojaza basi dogo. Hao nao familia zao zilikaa zikajadili. Natamani ningejua mjomba nani alisema nini.

Sasa kwa nini hii tamthilia haipo? Si kwamba hatutazami familia za watu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha Doudou na Mama Wakwe Zake, Wachina wanaongea Kiswahili safi, na huku tuligombana juu ya wale wakwe kama tunawajua. Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Leo ni Waturuki, Wakorea, Wahindi, wote wameingiziwa sauti za watoto wetu. Na tamthilia zetu wenyewe ni nyingi sasa, zimepigwa vizuri, taa nzuri, ila zote zinaishi Dar es Salaam kwenye sebule ileile yenye sofa jeupe. Mtu wa kusini akitokea humo ni mlinzi wa geti, na kazi yake ni kusema "Ntwara" watu wacheke.

Kwa hiyo masharti yangu ni machache. Hakuna kuchekea lafudhi; binti wa Naliendele anaongea anavyoongea na hakuna anayegeuka kumtazama. Hakuna kipindi cha unyago kwa ajili ya macho ya watu wa mjini. Mama asilie sana. Nimewaona akina mama wakijaza fomu hizi na hawalii, wanahesabu. Mzee wa kandambili apewe utu wake, kwa sababu mishahara ya watumishi naijua na watoto wake ni wanne; naye akisema hana, hadanganyi kwa kiwango anachodhani anadanganya. Mjomba aigizwe na mtu mwenye kiasi, asipige kelele. Kicheko cha mjomba kiko kwenye kukaa kwake.

Na tamthilia isiishie kwenye matokeo ya mkopo, kosa ambalo nahisi mtunzi wa Dar angelifanya: jina linatoka, watu wanashangilia, mwisho. Binti yule alipata. Hakupata asilimia zote, lakini alipata chakula na malazi, ambayo tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, na sehemu ya ada. Kipindi ninachokitaka zaidi kinaanza wiki boom, yaani hiyo hela ya kujikimu, linapoingia. Hela ile ni mkopo, ataanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake siku akiupata. Lakini nyumbani, familia iliyojishusha mpaka ikatoshea kwenye kurasa za fomu, sasa inajikunjua. Simu zinatoka Naliendele na zinatoka Kilwa. Mjomba anakumbusha, kwa upole, nani aliweka picha yake. Baba anauliza kama chuo kinatoa kadi ya bima inayoweza kuingiza wazazi. Mama anajizuia kabisa mpaka Juni, mikorosho inapotoa maua.

"Mwanangu, hujambo? Masomo? Haya. Sitaki hela mimi. Nauliza tu, hiyo boom yenu inatoka tarehe ngapi, maana mwenye mashine ya kupulizia anataka petroli yake kwanza."

"Kiasi gani, mama?"

"We niambie umepata ngapi, ndiyo nijue nina shida kiasi gani."